Fedha za Uchaguzi Zisisubiri Julai: Barua ya Wazi kwa Hazina ya Kitaifa, Bunge na IEBC

Kwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Kiuchumi,
Kwa wanachama wa Kamati ya Bajeti, Bunge la Kitaifa,
Nakala kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: FEDHA ZA USAJILI WA WAPIGA KURA KABLA YA AGOSTI 2027

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Katikati hapo pana siku 40. Naomba barua hii isomwe hesabu hiyo ikiwa mezani, maana karibu yote ninayotaka kusema yanatoka humo.

Shilingi itakayotengwa katika bajeti ya 2027/28 haitamsajili mtu hata mmoja. Kufikia Julai hiyo sajili ya wapiga kura itakuwa imeshafungwa. Sheria ya Uchaguzi inataka hata ukaguzi wake, ule wa mwananchi kwenda kuweka kidole na kuthibitisha kwamba jina lake lipo na liko kituo chake, ufunguliwe si chini ya siku 60 kabla ya kura na udumu siku 30. Fedha za Julai zinaweza kujaza mafuta kwenye malori, kulipa makarani na polisi, kukodi helikopta. Msichana wa Illeret, kule kaskazini, aliyefika kituo cha usajili mwezi Machi akaambiwa mtambo wa kusajili uliondoka jana, fedha hizo hazimsaidii kitu.

Kwa hivyo bajeti ya uchaguzi wa 2027 ni ya 2026/27. Inayofuata ni bajeti ya siku ya kupiga kura, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Najua majibu yatakayotolewa. Deni la taifa, walimu, hospitali, kaunti zinazodai mgao wao. Nimeyasikia na siyapuuzi. Najua pia kwamba makadirio ya uchaguzi wa 2022 yalipita shilingi bilioni 40, na Mkenya yeyote ana haki ya kuuliza kwa nini kura yetu ni ghali namna hii. Sikuja kuomba mwongeze mabilioni. Naomba mbadilishe majira yake: fedha zije mapema, na zianzie kwenye wadi kabla ya kufika kwa mwenye zabuni.

Tuanze kaskazini. Eneobunge la North Horr, kaunti ya Marsabit, lina ukubwa wa kilomita mraba zinazokaribia 39,000. Rwanda nzima haifiki 27,000. Lina wadi tano: Dukana, Maikona, Turbi, North Horr na Illeret. Turbi iko kando ya lami ya kutoka Marsabit kwenda Moyale. Illeret iko upande wa pili kabisa, ufuoni mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Usajili endelevu, ule tunaoambiwa uko wazi kila siku ya kazi, hufanyika katika ofisi ya IEBC ya eneobunge. Kwa mkazi wa Westlands, Nairobi, hiyo ni nauli ya matatu moja. Kwa mkazi wa Illeret ni kudandia lori, kulala njiani, na kurudi siku lori jingine litakapopatikana, huku mifugo ikiwa mikononi mwa mtoto. Katiba haikumpa mtu wa Westlands haki kubwa zaidi. Kifungu cha 83(3) kinasema mipango ya usajili na ya uchaguzi iandaliwe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahili, na isimnyime.

Huku kwetu pwani shida ni ileile, ila imelowa maji. Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Kutoka Kiunga kuja Faza ni boti, na boti ni petroli. Katiba imeuweka uchaguzi Agosti, na miezi inayotangulia, tangu Mei hadi Julai, ndiyo upepo wa kusi unavuma kwa nguvu zake zote. Nahodha mwenye akili hatatoka na abiria pamoja na karani aliyekumbatia mtambo wa serikali ndani ya mfuko wa plastiki eti kwa sababu Nairobi imetoa fedha mwezi wa sita. Atangoja, na akingoja siku zinakwisha. Fedha hizohizo zikitoka mwezi wa kumi, kusi imelegea na kaskazi haijashika, karani mmoja anazunguka Kizingitini, Mbwajumwali, Siyu, Ndau na Kiwayu bila kuhatarisha roho ya mtu. Gharama ni ileile, pengine pungufu. Hazina haina kalenda ya upepo, hilo naelewa, lakini IEBC ina ofisi huku na ingeulizwa. Basuba, kwenye msitu wa Boni, ni habari nyingine: huko karani haendi bila ulinzi, na ulinzi nao unataka kupangiwa fedha zake mapema.

Kabla ya mtambo kuna kitambulisho. Mwenye karatasi ya kusubiria kitambulisho hasajiliwi. IEBC inataka kitambulisho chenyewe au pasipoti. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitangaza kufutwa kwa utaratibu wa miaka mingi wa kuwapiga msasa vijana wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho. Ilikuwa hatua njema, na ilichelewa mno. Lakini tangazo halina mafuta ya gari. Afisa wa vitambulisho yuko chini ya wizara moja na fungu lake la fedha. Karani wa IEBC yuko chini ya tume huru yenye fungu lake. Huyu akifika kijijini Januari na yule akifika Aprili, aliyeomba kitambulisho Januari anaweza kuwa bado anasubiri karani anapokunja meza yake na kuondoka. Hapa ndipo naomba kitu ambacho hakihitaji sheria mpya wala tume ya uchunguzi: wapandisheni gari moja. Safari ya kwanza ichukue maombi ya vitambulisho. Safari ya pili irudi na vitambulisho vilivyokamilika, na mtambo wa usajili uwe umepakiwa humohumo. Kijana anapokea kitambulisho meza hii, anageuka, anasajiliwa meza ile. Waandishi wa bajeti watasema mafungu hayachanganywi. Basi andikeni fungu la pamoja, kalamu mnayo.

Tulishaona kinachotokea mambo yakifanywa kinyume chake. Oktoba na Novemba 2021, IEBC ilifanya awamu ya kwanza ya usajili wa halaiki ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Ilipata kama milioni 1.5. Januari na Februari 2022 ikarudi na lengo la milioni 4.5, ikapata kama milioni moja. Mitambo haikutosha kila kituo, ikawa inazungushwa: leo shule hii, keshokutwa soko lile. Mwenye biashara ya kutwa, mwenye ng'ombe malishoni na mvuvi aliye dago, kambini kwa wavuvi, hawana habari kwamba mtambo ulipita. Sajili ya 2022 ikafungwa na watu 22,120,458. Walio kati ya miaka 18 na 34 wakawa wamepungua kwa asilimia zaidi ya 5 wakilinganishwa na 2017, ingawa nchi hii ni ya vijana. Tukaambiwa vijana wamekata tamaa. Wapo waliokata tamaa, sikatai. Lakini hawahawa ndio waliousoma Mswada wa Fedha wa 2024 kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani nao mkononi. Wanakamati mnakumbuka. Watu wa namna hiyo hawawezi kuelezwa kwa neno moja la kutojali.

Sasa IEBC, iliyorejesha usajili Septemba 2025, imejiwekea lengo la wapiga kura wapya milioni 6.3. Lengo zuri. Nawaomba mlipigie hesabu mpaka mwisho. Sheria inataka kituo cha kupigia kura kisizidi watu 700. Gawanyeni: milioni 6.3 kwa 700 ni vituo 9,000, juu ya vile 46,229 vya mwaka 2022. Si vyote vitakavyokuwa vipya, kwa kuwa vituo vingi vya zamani havijajaa, lakini maelfu yatahitajika, na kila kimoja kina msimamizi, naibu wake, makarani, askari, mtambo na taa. Tume ikipewa lengo la milioni 6.3 na fedha za kuwahudumia milioni mbili, basi mmeshaamua ni wangapi watapiga kura, ila hamkututangazia.

Kuna jambo limenikera kwa miaka mingi na nitalisema kwa kifupi. Fedha za uchaguzi zikitajwa, Bunge zima huamka kwenye habari ya teknolojia. Mwaka 2017 ilikuwa Safran, kampuni ya mitambo, na Dubai palipochapishwa karatasi za kura, mwaka 2022 ikawa kampuni ya Smartmatic na Ugiriki. Seva, seva, seva. Mitambo ni muhimu na zabuni zake zichunguzwe mpaka shilingi ya mwisho. Lakini mpiga kura asiye kwenye sajili hana haja na seva. Ripoti ya Tume ya Kriegler, iliyoundwa baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, iligundua kwamba sajili ya wakati ule ilikuwa na majina ya wafu takriban milioni 1.2, na kwamba karibu thuluthi moja ya waliostahili kupiga kura walikuwa nje yake, hasa wanawake na vijana. Ripoti hiyo ni ya 2008. Tangu hapo tumenunua vifaa vya kila aina, na bado mlango wa kuingilia ni mwembamba mahali palepale.

Naomba sasa niwapeleke kituoni, maana nadhani wengi wenu mmepita tu kwa dakika kumi mkiwa na walinzi. Darasa la shule ya msingi, asubuhi. Mzee mvuvi anaweka kidole gumba kwenye kioo cha mtambo. Hakisomeki, miaka ya kuvuta mshipi na kushika chumvi imekisugua kikawa laini. Karani anampa kitambaa, anapangusa, anajaribu tena, halafu cha shahada, halafu mkono wa pili. Karani aliyefundishwa vizuri anajua la kufanya: anaingiza nambari ya kitambulisho, jina na picha vinatokea, Fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala, mzee anapewa karatasi zake sita za kura. Karani aliyefundishwa harakaharaka anamwambia akae pembeni, na mzee, ambaye hana mazoea ya kubishana na ofisi, anachukua bakora yake na kuondoka. Wachimba mawe wa Kilifi wanaijua hadithi hii. Wachuma majani chai wanaijua.

Rudini darasa lilelile saa tano usiku. Makarani wako macho tangu alfajiri ya jana yake, kwa sababu vifaa vilifika usiku wa manane. Masanduku ni sita. Sanduku la rais ndilo la kwanza, karatasi nyeupe. Ndani yake mmetumbukia za manjano za seneta na moja ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake. Wakala anadai alama imetoka nje ya kisanduku, mwingine anasema ni halali. Msimamizi anaijaza Fomu 34A, ya matokeo ya rais kituoni hapo, kwa mkono, anahesabu tena, anatia sahihi, mawakala wanatia sahihi, mtambo unaipiga picha. Bado masanduku matano. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa ni fomu za matokeo zisizokuwa na sahihi au alama za usalama. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba kwa mabilioni mengine, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Sisemi kila kosa la mwaka ule lilitokana na uchovu wa karani. Mahakama ilisema mengi zaidi. Nasema mafunzo ya kina kwa watu wanaojaza fomu ni rahisi kuliko uchaguzi wa pili, na ndiyo huwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibanwa.

Huku pwani, Mombasa ililipa bei hiyo kwa namna yake. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya kura, kaunti za Mombasa na Kakamega ziliambiwa uchaguzi wa gavana umeahirishwa kwa kuwa karatasi zilichapishwa na makosa. Ukafanyika tarehe 29. Kesho ya tangazo hilo, tarehe 9 Agosti, zaidi ya nusu ya waliosajiliwa Mombasa hawakutokea kabisa. Sababu ni nyingi, ila mtu aliyepanga kufunga kibanda chake siku moja hapangi siku mbili.

Turudi kwenye sheria, kwa kuwa mnaweza kudhani naomba hisani. Kifungu cha 249(3) cha Katiba kinalitaka Bunge litenge fedha za kutosha kwa kila tume ya kikatiba ili ifanye kazi yake, na bajeti ya tume iwe fungu la peke yake. Sheria ya IEBC ya mwaka 2011 inataja mfuko wa tume. Maneno yako wazi. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuipa tume fedha kwa mzunguko mzima wa miaka mitano, ijue leo itapata nini mwaka ujao na mwaka wa tatu, badala ya kuachwa na njaa miaka minne kisha kulishwa kwa pupa. Na kupitishwa kwa fedha Bungeni ni jambo moja, kuingia kwa fedha kwenye akaunti ni jingine. Tumeona mafungu yaliyopitishwa kwa makofi yakitoka Hazina robo robo. Usajili haulipiki robo robo. Boti haikubali nusu ya petroli.

Mkitaka kuona tume iliyopuuzwa inamgharimu nani, nendeni Banissa, kaunti ya Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Wakati ule IEBC haikuwa na makamishna, na haikuwa nao hadi Julai 2025, kwa sababu wanasiasa walikuwa wakivutana juu ya nani awateue. Wakazi wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili na nusu walikaa bila mbunge, wakilipa kodi ileile, bajeti tatu zikipitishwa bila sauti yao. Mapitio ya mipaka ya maeneobunge, yaliyopaswa kukamilika kufikia Machi 2024, nayo yakapita hivihivi.

Walio ng'ambo nisiwasahau. Mwaka 2022 waliosajiliwa nje ya nchi walikuwa 10,443, katika nchi 12. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wapiga kura wa wadi moja ya mjini. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwamo kwenye orodha. Saudi Arabia, yenye maelfu kwa maelfu ya mabinti zetu majumbani, haikuwamo. Nako mwajiri anaposhika pasipoti ya mfanyakazi, kituo kimoja ubalozini hakitatosha. Itabidi siku za usajili zifuate siku zao za mapumziko na ubalozi uwe na watu wa kuwapokea. Hilo nalo ni fedha, si nyingi. Wenye ulemavu nao wamechoka kubebwa mgongoni kupanda ngazi za madarasa ambayo serikali hiyohiyo iliyajenga. Mbao za kutengenezea njia ya kiti cha magurudumu zinauzwa kila mji.

Makamishna, nanyi msijifiche nyuma ya Hazina. Tume yenu ina madeni ya mawakili ya mabilioni, na mwananchi anayeombwa avumilie usajili wa kubahatisha ana haki ya kujua kesi zinakula kiasi gani. Mnapokwenda mbele ya Kamati ya Bajeti msipeleke jumla tupu. Pelekeni wadi 1,450 moja moja: waliofikisha miaka 18, waliosajiliwa, umbali wa kituo cha mbali zaidi, mitambo mingapi, siku ngapi. Mbunge akiona wadi yake mwenyewe ina mtambo mmoja kwa siku nne, hatahitaji kushawishiwa na mtu.

Makadirio ya matumizi ya mwaka wa fedha hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba ya 2026/27 yawe na mstari wake wenyewe wa usajili wa wapiga kura na mafunzo ya makarani, uliotenganishwa na ununuzi wa mitambo na uchapishaji, na Hazina iahidi kwa maandishi kwamba fedha za mstari huo zitatoka zote kabla ya mwisho wa Oktoba 2026. IEBC nayo ibandike ratiba ya mtambo, siku na mahali, kwenye ofisi ya chifu, msikitini, kanisani, sokoni na bandarini wiki mbili kabla, na itangazwe kwenye redio za lugha za wenyeji. Na pale mtambo utakapochelewa au kuharibika, siku zilizopotea zirudishwe palepale, kwa wadi hiyohiyo.

Wasalaam,

Mpiga kura, Lamu Mashariki